Siku Saba za Daktari John Rock

Kila mwaka, mwezi wa Shaaban unapokaribia kumalizika, maduka ya dawa ya Mji wa Kale hapa Mombasa, tangu Ndia Kuu hadi Kibokoni, hupata wateja wa namna moja. Ni wanawake, aghalabu wawili wawili, nao husubiri mpaka wanaume waliotangulia wamekwisha kuhudumiwa ndipo wakasogea na kuuliza kwa sauti ya chini. Wanachotaka ni dawa ya kuzuia mwezi, ili waifunge Ramadhani yote bila ya kubakiwa na deni la siku sita au saba za kulipa baadaye. Msimu wa Hija huja wengine, na hamu ya hawa ni kubwa zaidi, kwani mwanamke aliyeweka akiba miaka mingi ili aione Al-Kaaba hapendi kufika Makka kisha asiweze kutufu. Bibi Aisha mwenyewe, mkewe Mtume, alipatwa na jambo hilo njiani katika Hija ya kuaga, mwaka 632, akalia.

Natumai msomaji hataniona nimekosa haya kwa kulileta jambo hili gazetini. Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu, na biashara yangu ni maneno. Lakini neno moja nililoliandika bila ya kulipima lilimsumbua ndugu yangu kwa miaka kadhaa, na katika kutafuta nilipokosea nikajikuta nayasoma maisha ya daktari mmoja wa Marekani, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, ambaye mkono wake umo ndani ya kila pakiti ya vidonge vya kupanga uzazi inayouzwa katika vichochoro vyetu. Jina lake ni John Rock.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1890 katika mji wa Marlborough, jimbo la Massachusetts, kwa wazazi Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Hakuanza na udaktari. Ujanani alikwenda Guatemala kufanya kazi ya ukarani katika mashamba ya ndizi, akaiacha, akarudi kwao na kuingia Chuo Kikuu cha Harvard. Alihitimu mwaka 1915, na mwaka 1918 akapata shahada ya udaktari papo hapo. Mwaka 1925 alimwoa Anna Thorndike, na aliyewafungisha ndoa alikuwa Kadinali O'Connell wa Boston mwenyewe. Walijaliwa watoto watano. Juu ya meza yake ya kazi alitundika msalaba, na karibu kila siku ya utu uzima wake alihudhuria misa ya saa moja asubuhi. Nayataja haya kwa sababu bila ya imani yake hayafahamiki yaliyofuata.

Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa Brookline, kando ya Boston, nayo ilikuwa ya wanawake wasiokuwa na uwezo wa kulipa. Huko Rock alijipatia sifa kwa kazi iliyo kinyume kabisa na ile aliyokuja kujulikana kwayo: aliwatibu wasiopata watoto. Kiswahili chetu kina maneno mawili kwa hali hii, tasa na mgumba, na ingawa kamusi hujitahidi kuyagawa, mitaani yote mawili hutupiwa mwanamke. Wanawake wa Massachusetts nao walitupiwa yao, wakaja kwa Rock kwa mamia. Mwaka 1944 yeye na msaidizi wake, Miriam Menkin, walikuwa wa kwanza duniani kulirutubisha yai la binadamu nje ya tumbo la mama. Wanaopata watoto leo kwa njia hiyo wana deni kwao, na Menkin, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya mikono kwa miaka sita, hutajwa mara chache mno.

Wakati huo huo Rock hakuwa mtu wa kufumba macho. Aliwaona wanawake waliozalishwa mpaka miili ikachakaa, na sheria ya Massachusetts ilimkataza daktari hata kuwaeleza njia ya kuzuia mimba. Mwaka 1931 madaktari kumi na watano wa Boston walitia saini ombi la kuiondoa sheria hiyo. Rock alikuwa mmoja wao, na Mkatoliki wa pekee.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rock aliwachukua wanawake 80 waliokuwa wameshindwa kupata mimba, akawapa homoni mbili, estrojeni na projesteroni, kila siku kwa muda wa miezi mitatu mfululizo. Alidhani kwamba viungo vya uzazi vikipumzishwa kwa muda, vitaamka na nguvu mpya. Hesabu ilimridhisha: baada ya kuachishwa dawa, 13 kati yao walishika mimba katika miezi minne. Lakini katika ile miezi mitatu ya dawa lilitokea jambo ambalo moyo wake haukulistahimili. Mwezi ulikatika. Matiti yakajaa, kichefuchefu kikaja, na wanawake wale ambao kwa miaka walikuwa wakiomba mtoto wakaamini kwamba Mungu amewajibu. Ikawa kazi ya Rock kumwambia mmoja mmoja kwamba hana kitu tumboni, kwamba ni dawa tu.

Aliyelitatua tatizo hilo alikuwa mwanabiolojia Gregory Pincus, ambaye katika mji jirani wa Shrewsbury alikuwa akitafuta dawa ya kuzuia mimba kwa fedha za bibi tajiri, Katharine McCormick, na kwa shinikizo la mwanaharakati Margaret Sanger. Wawili hawa walifahamiana tangu zamani, na walipokutana tena waligundua kwamba mmoja alikuwa akitafuta mimba na mwingine akiikimbia kwa dawa ile ile. Mwaka 1953 Pincus alipendekeza dawa itolewe kwa siku 20, kisha isimamishwe. Mwili ukiikosa ile homoni ghafla, damu itatoka, na mwanamke atajua kwamba hana mimba. Rock akakubali. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa mapumziko ya kila mwezi, ambayo baadaye yalitengenezwa kuwa siku 21 za dawa na siku saba bila ya dawa.

Msomaji aangalie vizuri ni kwa nini siku hizo ziliwekwa. Hazikuwekwa kwa sababu tumbo lilihitaji kusafishwa, wala kwa sababu kuna damu iliyokuwa ikijikusanya na kutafuta njia. Ziliwekwa ili kuwaondolea wagumba wa Brookline matumaini ya uongo.

Ninapofika hapa ndipo aibu yangu inapoingia. Mwaka 2007, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, niliombwa na jumuiya moja nikitafsiri kijitabu cha maelezo ya vidonge hivyo. Matini ya Kiingereza ilisema kwamba katika juma la mwisho la pakiti mtumiaji atatokwa na damu kwa sababu ya kukatika kwa dawa. Nilitafuta neno la Kiswahili, sikuliona. Tulikuwa na mwezi, tulikuwa na hedhi, tulikuwa na siku za mwanamke. Damu ya kukatika kwa dawa hatukuwa nayo. Basi nikaandika kwamba mwanamke atapata hedhi yake. Na kwa kuwa mtafsiri mchanga hupenda kufafanua asichoulizwa, nikaongeza sentensi isiyokuwamo katika asili, kwamba hedhi hiyo ni lazima itoke kila mwezi. Hakuna aliyenisahihisha. Kijitabu kikachapishwa kwa rangi nzuri, na mamangu mdogo akakiweka sebuleni kwake Mkanyageni ili wageni wakione.

Binti yake, ambaye kwangu ni kama dada, alikuwa na maradhi ya kutokwa na damu nyingi. Kila mwezi alilala siku mbili, midomo ikawa myeupe, na mara moja alilazwa akaongezwa damu. Daktari alimwandikia vidonge hivyo hivyo, si kwa ajili ya kuzuia mimba bali kupunguza damu, na vilimpunguzia kiasi. Hata hivyo kila lilipofika juma la vidonge vya hudhurungi, damu ilirudi, na nguvu alizozipata kwa majuma matatu zikamtoka kwa siku tano. Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, aliniuliza kama hawezi kuviacha vile vya hudhurungi akaanza pakiti mpya moja kwa moja. Nilimkataza. Nilimwambia damu itajaa ndani. Sikuwa na ushahidi wowote ila sentensi yangu mwenyewe, lakini mimi ndiye niliyesoma katika nyumba ile, na neno langu likapita. Alilifuata kwa miaka minne, mpaka alipomwona daktari mwingine, akaambiwa aunganishe pakiti tatu tatu. Hakunilaumu. Alinieleza tu, tukiwa jikoni, kwamba mwaka huo hajalala hata siku moja.

Basi nilisoma. Na nilichokisoma, kwa lugha ya mtu asiyekuwa tabibu, ni hiki. Mwanamke asiyetumia dawa huota ndani ya mji wa uzazi utando mnene kila mwezi, na yai lisiporutubishwa utando huo hubomoka ukatoka: hiyo ndiyo hedhi. Anayetumia vidonge vya homoni mbili hatoi yai, na utando wake hubaki mwembamba, hauna cha kubomoka. Damu ya juma la mapumziko huja kwa kuwa dawa imeondolewa, na asipoiondoa haiji, au huja matone tu. Hakuna kinachojikusanya. Zile tembe za hudhurungi katika pakiti zinazogawiwa nchini hazina homoni. Zina madini ya chuma, nazo zimewekwa ili mtumiaji asipoteze hesabu ya siku na apate kurudisha chuma anachokipoteza. Isitoshe, mapumziko ndiyo mahali pa hatari kwa anayeogopa mimba: akichelewa siku mbili tatu kuanza pakiti mpya, yai huweza kuamka.

Majaribio ya kuunganisha pakiti yalifanywa Edinburgh na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1977. Marekani iliidhinisha pakiti ya siku 84 mfululizo mwaka 2003, na ya mwaka mzima mwaka 2007, mwaka ule ule nilioandika kijitabu changu. Mwaka 2019 wataalamu wa afya ya uzazi wa Uingereza walitamka rasmi kwamba mapumziko ya siku saba hayana faida yoyote kwa afya.

Sisemi kwamba kila mwanamke aunganishe. Miezi ya mwanzo wengi huona matone yasiyokuwa na ratiba, na aliyetarajia Ramadhani kavu atahuzunika. Ndiyo maana anayetaka jambo hili aanze mapema, si usiku wa kuandama mwezi. Vidonge vyenyewe, viunganishwe visiunganishwe, havimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mishipani, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Safari ndefu ya ndege nayo huongeza hatari ya damu kuganda, na mwenda Hija hukaa kitini kwa saa nyingi. Kuna pia kidonge cha norethisteroni, ambacho huanzwa siku tatu kabla ya mwezi kutarajiwa ili kuuchelewesha. Hicho, kwa kipimo hicho, hakizuii mimba, na wapo wanaodhani kinazuia. Haya yote ni maneno ya kuambiwa na mtu aliyesomea, kwa sauti ya kawaida, baada ya kupimwa shinikizo la damu. Kwenye kaunta ya duka, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma, hayaulizwi wala hayajibiwi. Kuhusu hukumu ya kuzuia mwezi kwa ajili ya ibada, masheikh wengi wameruhusu ikiwa hakuna madhara, na wapo wanaopendelea mwanamke aridhike na aliloandikiwa. Hilo ni lao, siliingilii.

Nirejee kwa Rock, maana nilimwacha katikati. Mwishoni mwa mwaka 1954 alianza kuwajaribia wanawake 50 dawa mpya zilizotengenezwa maabara. Idadi hiyo haikutosha, na Massachusetts bado ilikuwa na sheria yake. Kwa hiyo mwaka 1956 majaribio makubwa yakahamishiwa Puerto Rico, katika nyumba za maskini za Río Piedras. Sura hii haimpendezi anayetaka kumpenda Rock. Wanawake wale hawakuelezwa ipasavyo kwamba wanafanyiwa majaribio. Dawa waliyopewa ilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko ya leo, na daktari aliyewasimamia, Edris Rice-Wray, alipoandika kwamba asilimia 17 wanalalamika kwa kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya kichwa, wakubwa waliyaona malalamiko hayo kuwa ya kudhania tu. Nasi watu wa pwani, ambao dawa nyingi hutufikia baada ya kujaribiwa kwa maskini wa mahali fulani, tusiupite ukurasa huo mbio.

Mwaka 1957 dawa iliruhusiwa Marekani kwa matatizo ya hedhi. Mwaka huo huo ndipo Chama cha Uzazi wa Mpango cha Kenya kilipoundwa. Mwaka 1960 ikaruhusiwa kuzuia mimba, baada ya Rock mwenyewe, mzee wa karibu miaka 70, kwenda Washington kuitetea mbele ya maofisa waliokuwa rika la watoto wake.

Hapo ndipo yale mapumziko yakapata kazi ya pili. Rock alitaka Kanisa lake likikubali kidonge. Kanisa lilikuwa limeridhia wanandoa kungojea siku ambazo mwanamke hashiki mimba, na yeye mwenyewe alikuwa amefungua kliniki ya kuwafundisha hesabu hiyo tangu mwaka 1936. Hoja yake, aliyoieleza katika kitabu cha mwaka 1963, ilikuwa kwamba kidonge kinatumia homoni zile zile za mwili na kazi yake ni kuzirefusha siku za salama tu. Basi ni cha maumbile. Na kidonge cha maumbile sharti kilete mwezi kila mwezi. Damu iliyokuwa imewekwa kwa huruma sasa ikawa shahidi katika kesi ya dini. Watu wengi husimulia kwamba mapumziko yaliwekwa kwa ajili ya Baba Mtakatifu. Kwa jinsi ninavyosoma mimi, yaliwekwa kwa ajili ya wagumba, kisha yakabakishwa kwa ajili ya Baba Mtakatifu na kwa ajili ya wanawake wenyewe, ambao bila ya kuona damu wangeingiwa na hofu.

Na maumbile ni yapi? Mtafiti Beverly Strassmann aliwachunguza Wadogon wa Mali, wanawake wasiotumia dawa, wanaozaa wengi na kunyonyesha muda mrefu, akakadiria kwamba mmoja wao huona hedhi kama mara 100 tu katika umri wake wote. Mwanamke wa mjini anayezaa watoto wawili huiona mara 350 au 400. Bibi zetu wa Kibokoni na Kuze, waliozaa wanane na kunyonyesha kila mmoja miaka miwili, walikuwa karibu na hao wa Mali kuliko na sisi. Kalenda ya Rock ya mara kumi na tatu kwa mwaka ilikuwa ya mwanamke wa zama zake na mji wake, naye akaidhania ya Hawa.

Baraza la wataalamu lililoundwa na Vatikani kulichunguza suala hili lilielekea, kwa wingi wa wajumbe wake, kulegeza katazo. Rock alingoja. Kenya nayo haikungoja: mwaka 1967 ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo Afrika kusini mwa Sahara. Julai 1968 Papa Paulo wa Sita akatoa waraka wake, na kidonge kikakatazwa pamoja na vifaa vinginevyo. Mapumziko hayakumshawishi mtu. Rock, ambaye mkewe alikuwa ameshafariki mwaka 1961, aliacha kwenda misa. Alihamia katika nyumba ya shamba huko Temple, New Hampshire, akaishi kimya, na akafariki tarehe 4 Desemba 1984 akiwa na miaka 94. Hoja ya kanisani ilikuwa imekwisha miaka kumi na sita kabla. Siku saba zilibaki ndani ya pakiti, na mwaka wa kufa kwake zilikuwa zikifuatwa na mamilioni ya wanawake ambao Papa hakuwahusu kwa lolote, wakiwamo wa Mji wa Kale.

Ndugu zetu wa Tanzania huviita vidonge vya majira. Nimelipenda jina hilo tangu utotoni, kwa kuwa majira ni kitu ambacho mkulima na nahodha hukipima kwa haja yake, kusi lina shughuli zake na kaskazi ina zake. Niliporudi kwa ile jumuiya kuomba kijitabu kirekebishwe, niliambiwa kwamba nakala zimekwisha na hakuna fedha za kuchapa nyingine. Lakini nakala ya Mkanyageni ingaliko, imekunjamana, ina duara la kikombe cha kahawa juu ya jalada. Nimeichukua, nikaikata ile sentensi niliyoiongeza, na mahali pa neno hedhi nikaandika kwa kalamu: damu ya mapumziko. Mamangu mdogo ameisoma, akaniuliza mapumziko ya nani.